Safu ya Tisa

Fomu ya wizara ina safu tisa.
Urefu wa jiwe. Upana. Karne, kama inajulikana.
Nyufa, kuvu, alama za wezi.
Ya tisa ni nyembamba kuliko zote,
imebanwa ukingoni mwa karatasi:
Bado inatumika?

Siku nne nimepanda vilima vya Shirak
na futi kamba na chupa ya chai,
nikihesabu misalaba iliyochongwa maweni,
mizabibu yake ya mawe, makomamanga yake ya mawe,
theluji imeiatamia kama kuku.
Misalaba mia moja na kumi na miwili.
Mara mia moja na kumi na mbili nimeandika: Hapana.

Jumapili niliingia kanisani,
baridi ikinisukuma kuliko toba.
Watu kumi na mmoja. Padri Mkrtich
akikohoa katikati ya zaburi, akiomba radhi, akikohoa tena.
Mshumaa wangu ukainama mchangani
kama mtu anayetegea sikio mlango wa jirani.
Nikasema moyoni: hata hapa, hapana.

Ila yule muuza dawa,
yule aliyenipunja chenji Ijumaa,
nilimwona akitoka kinyumenyume,
viatu vikipapasa sakafu,
uso kwenye madhabahu hadi kizingitini,
maana mwenye nyumba hapewi mgongo.
Nje akageuka, akawasha simu,
akaanza kugombana na mtu kuhusu gesi.

Sikuandika kitu. Safu ni ya mawe.

Jumatatu gurudumu likapasuka.
Hrachya, fundi, hapatani na makasisi;
aliwalaani watatu kabla jeki haijapanda.
Kisha mjukuu wake akabana kidole mlangoni,
akalia kile kilio kisicho na pumzi,
na mzee akatupa spana, akapiga magoti kwenye grisi:
Maumivu yako niyachukue. Niyachukue mimi.

Ndivyo tusemavyo hapa.
Tunamwambia muuza vitunguu, tunamwambia paka,
tunasema bila kujisikia.
Mimi mwenyewe nimesema mara ngapi,
kinywa kimejaa mkate?
Siku ile nilisikia.
Nilisimama na nati nne za baridi kiganjani
nikijiuliza nani aliyasema kwanza,
na yalimgharimu nini.

Zaruhi ananilaza kwenye kontena lake.
Tetemeko lilipokula nyumba
waliambiwa kontena ni la miezi sita;
sasa lina mapazia, lina kengele, lina wajukuu.
Jumanne mwanawe karudi kutoka hospitali
kwa miguu yake mwenyewe.
Wakachinja kondoo.
Nyama, maji, chumvi aliyoibariki padri, basi.
Wala si ya kula peke yao: iende nyumba saba.

Nilibeba sufuria.
Nyumba ya kwanza, Zaruhi akanyooka hadi kwa Shoghik,
ambaye hawajajuliana hali tangu ugomvi wa ua.
Shoghik akafungua. Akatazama sahani. Akatutazama.
Akasema: Chumvi haijakolea.
Akaipokea kwa mikono miwili.

Tuliporudi nikamwambia, mama, ni sita,
nimehesabu, kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Akanisukumia sahani.
Ya saba ni wewe. Kwani hulali popote?

Asubuhi, nyuma ya kontena, nikaona kipande:
mkono mmoja wa msalaba, hauna mwili,
na juu yake punje za ile chumvi,
nyeupe kuliko theluji iliyoizunguka.
Urefu, sentimita arobaini. Karne, haijulikani.
Safu ya tisa, kalamu ikagoma, wino umeganda.
Nikaipuliza. Nikaipuliza tena.

Nilipoaga, sijui miguu ilipata wapi adabu:
nilitoka kinyumenyume,
uso kwa Zaruhi, na jiko lake, na sufuria iliyooshwa,
mpaka nikajikwaa kwenye ndoo
na maji yote yakaningia viatuni.
Alicheka hadi akashika meza.
Maumivu yako niyachukue, akasema,
lakini ndoo utaijaza mwenyewe.